Mapacha wa Naftali

Kosa lenyewe Atuganile aliliona saa nne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi, na kwa dakika nzima alijitia hajaliona.

Kwenye skrini kulikuwa na mistari mitatu. Miwili ilikuwa ya mapacha. Wa tatu, mwekundu, ulikuwa wa Naftali Chilongani mwenyewe, mtu na pumzi zake, aliyepimwa kichwa siku mbili zilizopita. Mwekundu huo ulipaswa kuwa umeanza kuuacha mstari wa Kulwa na kusogea kwa Doto. Wapi! Mwezi baada ya mwezi ulikuwa umemng'ang'ania Kulwa, na kadiri Naftali alivyopunguziwa dawa, ndivyo ubongo wake ulivyozidi kufanana na wa pacha anayemeza dawa kamili.

Atuganile aliweka kikombe chini. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa akiwa mpimaji hapo kituoni, mwanamke wa maneno machache na mwandiko mnyoofu, na hakuna kilichomkosesha raha kama mashine kusema jambo lisiloingia akilini. Mashine hailewi wala haina kinyongo na mtu. Ikisema upuuzi, yupo aliyeilisha huo upuuzi.

"Shigela," aliita bila kugeuka. "Hebu njoo. Kwako wewe, Kulwa ni yupi?"

Shigela, mpimaji mwenzake, bwana mnene wa Magu asiyekosa karanga mfukoni, alikuja akitafuna. "Swali gani hilo, dada? Kulwa si aliyetangulia kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye mashine. Asiye na dawa ndiye hutoka mwanzo, hesabu zake chache. Mwenye dawa humfuata baada ya saa mbili tatu hivi. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Kwani kuna namna nyingine?"

Ilikuwapo namna nyingine, na ilikuwa ya Atuganile. Kila mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwapo, zamu yake ya kipimo hiki ilipofika alipigwa picha za kichwa, na kutokana na picha hizo mashine ilimjengea nakala mbili za ubongo. Moja ilipewa dawa kila siku. Nyingine iliachiwa ugonjwa wake ufanye utakavyo. Kisha zote mbili zilikimbizwa miaka kumi mbele kwa muda wa siku tatu, na mpimaji akakaa kutazama ipi inakonda zaidi. Vitabu viliziita nakala ya kwanza na nakala ya pili, lakini nani ana muda wa kusema hivyo siku nzima? Wafanyakazi waliziita Kulwa na Doto. Kwa Atuganile, mzaliwa wa Kyela ambako majina hayo aliyasikia kwa wageni tu, Kulwa lilikuwa jina la mkubwa, na mkubwa hakuweza kuwa mwingine ila yule anayefuata njia ya mgonjwa mwenyewe, yaani mwenye dawa. Ndivyo alivyoandika kwa miaka tisa. Shigela alikuwa amekulia kati ya mapacha wa kweli, na kwao hakuna anayeuliza nani ana cheo. Huulizwa aliyetangulia kutoka tu. Hawakuwahi kuambiana, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyedhani ni jambo la kuambiana.

"Kwetu mtu akikosea hilo wanamcheka mpaka jioni," Shigela alisema. Kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha kutafuna.

"Wewe umewahi kuwajengea wagonjwa mapacha mara ngapi?"

"Mimi? Mara moja tu. Siku zile nne za mwaka jana, ulipokwenda kumzika mjomba."

Atuganile alifungua daftari la mapacha. Katika siku nne zile aliyejengewa ni mgonjwa mmoja tu. Jina lake halikuhitaji kusomwa.

* * *

Daktari Hongoli, mkuu wa kituo, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkono mmoja mfukoni. Alikuwa na tabia ya kutokaa chini mpaka jambo liishe.

"Kwa hiyo taarifa uliyonipa mwaka jana, kwamba dawa inamla kuliko ugonjwa..."

"Ilikuwa kinyume. Dawa inamla, hilo ni kweli, pacha mwenye dawa naye amekonda. Lakini yule asiye na dawa amekonda mara mbili yake, hasa sehemu za mbele. Mimi nilisoma majina, sikusoma ndani."

Daktari alipumua kwa nguvu. Swali hilohilo ndilo lililowafanya watu wajenge mapacha. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kwamba wagonjwa waliomeza dawa nyingi ndio ambao ubongo wao ulipungua zaidi, wakaingiwa na hofu. Lakini waliomeza dawa nyingi ndio pia waliougua zaidi, sasa utajuaje aliyekula ni nani? Ili kujua, ungelazimika kumwacha mgonjwa miaka kumi bila dawa na wewe unamtazama, na hakuna mganga mwenye kumwogopa Mungu angefanya hivyo. Nakala haina mama wa kuililia, ndiyo maana ikaachwa iugue. Na majibu yakaja tofauti kwa kila mtu: kuna ambao dawa ndiyo iliyokuwa mlaji mkubwa, wakapunguziwa, kuna ambao ilikuwa kinyume, wakaachwa nayo. Naftali alikuwa wa kundi la pili, naye akatendewa kama wa kundi la kwanza. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akimeza robo ya dawa yake.

"Anasikia sauti?"

"Hapana, daktari. Anafanya kazi, anaimba kwaya. Yuko vizuri kuliko miaka yote niliyomjua. Pacha asiye na dawa naye alikuwa vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili anaanza kusikia. Wa nne hata ukimrudishia dawa, harudi alipokuwa."

"Basi dawa irudi."

"Mpaka akubali mwenyewe. Ni mtu mzima mwenye akili timamu. Nani atamlazimisha?"

"Na sheria inataka aliyekosea ndiye aende akaseme, uso kwa uso, nyumbani kwa mgonjwa." Daktari alimtazama kwa huruma ambayo Atuganile hakuitaka. "Mwambie kipimo kilikosewa. Uishie hapo. Faili lake unalijua."

Alilijua sana. Naftali alipoletwa mara ya kwanza, miaka minane nyuma, alikuwa akisema kitu kimoja tu, mchana kutwa, kwa sauti ya kuomba: kwamba yuko Naftali mwingine, kwamba madaktari wamembadilisha, kwamba yule wa kweli amefungiwa ndani ya mashine na huyu anayesema ni wa bandia. Alikataa chakula kwa kuwa hakikuwa chake. Alimkataa mama yake kwa kuwa ni mama wa yule mwingine. Ilichukua miaka saba, na dawa nyingi, na subira ya watu wengi akiwemo Atuganile, mpaka Naftali akaweza kusema, "Niko mmoja tu," bila midomo kumtetemeka.

Kwa hiyo siku ya kujengewa mapacha hakuambiwa kitu. Sheria iliruhusu: pale ambapo kujua kungemdhuru mgonjwa, ndugu alisaini kwa niaba yake. Mama yake, Debora, alitia sahihi katika ofisi ya pembeni, mlango umefungwa. Naftali aliambiwa ni picha za kichwa tu.

Ndani ya gari, njia nzima ya kwenda Hombolo, Atuganile aliyapanga maneno. Kipimo kilikosewa. Samahani sana. Tunaomba urudi kwenye dawa kamili. Yalikuwa maneno ya kweli, kila moja, na aliyachukia. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga mtupu, maana alikuwa anakwenda kumwomba mtu arudi gizani kwa sababu ya jina lililoandikwa vibaya.

* * *

Naftali alikuwa katikati ya mizabibu, mkasi mkononi, akipogolea. Kila tawi alilishika, akalitazama kidogo, akahesabu macho mawili ya kuchipua, akakata. Aliruka tawi moja, akarudi kulikata, akaendelea huku akivuta kwa pua wimbo wa besi wa kwaya. Atuganile alisimama kando ya gari, asijue aanze vipi. Mikono ile aliikumbuka ikishindwa kushika kijiko.

Debora alikuwa chini ya banda la mabati, ungo wa karanga mapajani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye macho yasiyokuachia.

"Mbukwenyi, mama," Atuganile alimwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa, mwanangu. Karibu ukae." Alimsogezea kigoda, kisha akashusha sauti. "Sema kabla hajafika. Nyinyi hamji bure."

"Nimekuja kueleza kosa. Ni kosa langu." Atuganile alilieleza lote, haraka, kwa sauti ya chini. "Dawa inabidi irudi kama zamani."

"Kama zamani." Debora aliendelea kumenya karanga, lakini maganda na karanga vyote alikuwa anavitupa chini. "Unaikumbuka hiyo zamani, wewe? Mimi nilikuwa namfuta mate mtu wa miaka thelathini na minne. Namwogesha. Namwambia baba yako amefariki, ananiambia sawa mama, anageukia ukutani analala. Hata chozi! Halafu mwezi wa tatu huu nimemwaga uji, nimeteleza nao pale mlangoni, akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, binti. Sasa unataka nirudishe kile kigogo?"

"Mama, ugonjwa unamla kichwa."

"Mbona mimi simwoni akiliwa? Namwona anapogolea."

Kabla Atuganile hajajibu, Naftali alikuwa ameshafika, akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Dada Atu! Leo mmetufuata mpaka shamba. Kuna usalama?"

"Upo, Naftali. Kaa kidogo, nina neno."

Akakaa juu ya debe lililofudikizwa, akatoa kitambaa, akaanza kuufuta mkasi utomvu. Atuganile akasema yale aliyoyapanga, moja baada ya jingine. Naftali alimsikiliza kwa adabu, na alipofikia mahali pa kurudi kwenye dawa kamili, kitambaa kilisimama kwanza, kisha kikaendelea.

"Kipimo kilikosewa vipi?"

"Tulikisoma kinyume. Tulidhani dawa ndiyo inayokupunguza ubongo zaidi. Kumbe ukikaa bila dawa unapungua zaidi."

"Haya." Alifikiri. Siku hizi ilikuwa raha kumtazama akifikiri. Uliona wazo likimjia usoni. "Ila hapo sijaelewa. Tangu mmeanza kunipima, sijawahi kukaa bila dawa hata siku moja. Hii robo yenyewe naimeza kila asubuhi, mama shahidi. Sasa hicho kichwa cha bila dawa mlikipima kwa nani?"

Katika miaka tisa hakuna mgonjwa aliyewahi kuuliza hivyo. Hata wanafunzi wa udaktari waliokuja kituoni na makoti meupe hawakuuliza.

Jibu jepesi lilikuwa tayari: kwa wagonjwa wengine, Naftali. Angeridhika. Lakini Atuganile alimwona mbele yake mtu mzima, mwenye akili kuliko nusu ya ofisi yao, anayeuliza habari za kichwa chake mwenyewe, na akashindwa. Alijiambia kwamba mtu huyu ameshadanganywa vya kutosha. Baadaye, kila alipokumbuka, alijiuliza kama ilikuwa heshima au ni yeye tu alitaka kuutua mzigo wake.

"Kwako wewe," alisema. "Mashine ilijenga mfano wa ubongo wako, Naftali. Miwili. Mmoja tukaupa dawa, mwingine hatukuupa. Tunaiita mapacha. Na mapacha wako tuliwabadilisha majina, ndiyo kosa lenyewe."

Mkasi ulianguka.

Naftali hakupiga kelele. Alikaa vilevile, mgongo umenyooka, lakini rangi ilikuwa imemtoka midomoni na macho yake yalikuwa yamepanda kwenye mabati, pembeni kulia, mahali palepale alipokuwa akitazama miaka minane iliyopita. Vidole vyake vilianza kugusana kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba.

Huko kituoni wagonjwa wote hufundishwa kitu kimoja, na aliyemfundisha Naftali ni Atuganile mwenyewe. Ukisikia jambo linalofanana na ugonjwa wako, usibishane nalo wala usilikimbie. Gusa vidole vyako vyote kumi. Kisha mgeukie mtu unayemwamini kuliko wote, umuulize kama na yeye amelisikia.

Alipomaliza kidole cha kumi, Naftali akageuka.

"Mama," alisema polepole. "Dada Atu amesema nini sasa hivi?"

Debora alimtazama mwanawe. Alitazama yale macho yaliyokuwa yakivutwa kurudi kwenye mabati. Atuganile aliona jinsi kifua cha mama huyo kilivyojaa pumzi.

"Amesema kipimo kilikosewa," Debora alijibu. "Basi."

"Hakusema kuna Naftali wawili? Ndani ya mashine?"

"Hakusema hivyo, baba. Mimi si niko hapa?"

"Dada?"

Sasa alikuwa anamtazama yeye. Lilikuwa ombi, tena lile la zamani, la mtu anayezama na bado anakuomba radhi kwa usumbufu. Neno lilikuwa moja tu. Akisema ndiyo, ama mama ni mwongo, ama dunia nzima ni ile ile aliyoiogopa miaka saba. Akisema hapana, basi tena.

"Nimesema kipimo kilikosewa, Naftali," Atuganile alisema. "Sikusema jambo jingine."

Mabega ya Naftali yalishuka. Macho yakashuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia, akajipangusa uso kwa viganja viwili, na Debora akafumba macho, midomo ikienda katika sala isiyo na sauti. Kwa muda mfupi ilionekana kama wote watatu wamepona.

Kisha Naftali akatoa kidaftari mfukoni mwa shati, kile ambacho wagonjwa hupewa, akatafuta ukurasa mweupe. Kurasa alizozipita zilikuwa karibu tupu, moja kwa kila mwezi, zote zikiwa na mstari mmoja: Sijasikia kitu. Akaandika bila haraka, akisema anachoandika.

"Nimesikia kwamba niko wawili ndani ya mashine. Nimesikia kwa sauti ya dada Atu, na yeye mwenyewe akiwa amekaa hapa. Shahidi, mama. Si kweli." Akapiga mstari chini ya si kweli. "Imerudi, dada."

"Naftali..."

"Imerudi, na safari hii ni kali. Zamani ilikuwa ikija peke yake. Leo imekuja na uso. Nimekuona midomo inakwenda." Alijaribu kutabasamu. "Yaani mmekuja siku yenyewe. Umesema dawa irudi kamili, mimi nilitaka kubisha, nikwambie ukweli. Nilitaka kuwaambia kichwa changu kiacheni kikonde, ila niacheni nipogolee mizabibu yangu. Nilikuwa nimeshaamua. Sasa nabishaje? Ile fomu unayo?"

"Hapana!" Debora alisimama, ungo ukamwagika. "Huendi kunywa zile! Hujaumwa, Naftali, hujasikia sauti yoyote, ni..."

Akakwama. Atuganile alijua amekwama wapi, maana na yeye alikuwa amesimama palepale. Sentensi ile ilikuwa na mwisho mmoja tu, na kuimaliza kulikuwa kumwambia mwanawe kwamba yule mtu mmoja anayemuuliza lipi ni kweli na lipi ni ugonjwa, leo amemdanganya. Kesho akisikia jambo, angemuuliza nani?

Debora alimgeukia Atuganile. Macho yale yalimsihi, kisha yakamlaani, kisha yakamsihi tena. Sema wewe, yalisema. Wewe ndiye uliyeanza.

Atuganile alifungua mkoba. Aliitoa fomu, ile aliyotumwa kuja kuisainisha, akaiweka juu ya debe, akampa kalamu. Alijiambia kwamba dawa ndiyo iliyokuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba miaka minne ijayo kichwa hiki kitakuwa bado kizima, na yote hayo yalikuwa kweli. Alitamani ardhi ya Hombolo ipasuke immeze.

Naftali alisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo. Mahali palipoandikwa sababu ya kuongeza dawa, aliandika kwa mwandiko wake wa shule: Nimeanza kusikia tena. Akatia sahihi, akairudisha kwa mikono miwili.

"Asante, dada. Ungechelewa wiki moja tu, sijui ningekuwa wapi."

Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuokota karanga za mama yake, moja moja, akizirudisha kwenye ungo. Debora alikuwa ameketi chini, khanga imeziba mdomo, analia bila sauti. Naftali alimwekea mkono begani.

"Usilie, mama," alisema. "Safari hii tumewahi."